Rota ya mkia ya helikopta ni ya nini?

Muulize mtu anayetazama helikopta ikitua uwanjani, kile kifeni kidogo cha mkiani kina kazi gani. Mara nyingi atakwambia kinaisukuma iende mbele, kama rafadha ya boti. Jibu hilo huanguka lenyewe ukikitazama vizuri, kwa sababu kimefungwa ubavuni. Hewa yake inatupwa kushoto au kulia, haitupwi nyuma. Kinachoipeleka helikopta mbele ni rota kuu, ile kubwa ya juu, ambayo rubani huiinamisha kidogo kuelekea anakotaka kwenda. Mwingine atasema kile kifeni ni usukani. Huyo amekaribia, ila ameanza na kazi ya pili akairuka ya kwanza. Kazi ya kwanza ya rota ya mkia ni kuzuia kiwiliwili cha helikopta kisizunguke.

Kwa nini kizunguke? Kwa sababu ya injini. Injini imo ndani ya kiwiliwili, na inapoyasukuma mapanga ya rota kuu yaende upande mmoja, kiwiliwili nacho husukumwa upande wa pili kwa nguvu ileile. Ni kanuni ya tatu ya Newton, ambayo wengi tuliikariri shuleni kwa ajili ya mtihani tukaishia hapo. Pangaboi la sebuleni lina hali hiyohiyo, ila hatuioni kwa kuwa mota yake imekazwa kwenye dari na nyumba nzima inaizuia. Lifungue, ulining'inize kwa kamba, kisha uwashe umeme: mapanga yatakwenda huku na bakuli la mota litakwenda kule, mpaka kamba isokotane. Helikopta ikishaacha ardhi haina dari ya kuishikilia.

Nguvu hiyo ya kuzungusha huitwa torki, na kwenye helikopta ni kubwa kuliko ukubwa wa injini unavyoweza kukufanya udhani. Chukua Robinson R44, helikopta ndogo ya Kimarekani yenye viti vinne. Injini yake ya pistoni huzunguka kama mara 2,700 kwa dakika. Rota kuu ina kipenyo cha mita 10, na haiwezi kuzungushwa kwa kasi hiyo, kwani ncha za mapanga zingepita kasi ya sauti kwa mbali. Kwa hiyo kati ya injini na rota kuna giaboksi inayopunguza mzunguko hadi mara 400 hivi kwa dakika. Upunguzaji huo una bei. Nguvu inayotoka kwa injini haikubadilika, kwa hiyo mzunguko ukishuka karibu mara saba, torki hupanda karibu mara saba. Tukisema rota kuu inapokea kilowati 140, hesabu ya jumla inatupa torki ya Nyutonimita 3,300 hivi. Kiasi hichohicho kinakipindua kiwiliwili upande wa pili bila kupumzika, dakika zote injini inapofanya kazi hewani.

Sasa tazama mkia. Rota ya mkia ya R44 iko karibu mita 6 nyuma ya mhimili wa rota kuu, na umbali huo ndio mtaji wake. Gawanya 3,300 kwa 6, unapata Nyutoni 550, yaani msukumo wa kilo 56 hivi. Helikopta ya tani moja na ushei inatulizwa na msukumo wa kilo 56 kwa sababu tu umewekwa mbali na mhimili. Ukiukata mkia uwe nusu ya urefu wake, utahitaji msukumo mara mbili. Ndiyo sababu helikopta nyingi zina mikia mirefu na myembamba ambayo haibebi abiria wala mzigo.

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba huko mkiani hakuna injini nyingine. Shafti ndefu hutoka kwenye mfumo wa rota kuu, hupita kwenye mkia wote, na kuishia kwenye giaboksi ndogo inayopindisha mzunguko kwa nyuzi 90. Rota hizo mbili zimeunganishwa kwa vyuma, hivyo moja ikizunguka na nyingine inazunguka: kwenye R44 ya juu inakwenda mara 400, ya mkia mara 2,400 hivi kwa dakika. Injini ikizimika hewani, klachi ya upande mmoja huitenga, na helikopta inaposhuka, hewa inayopita chini kwenda juu huendelea kuizungusha rota kuu, nayo huendelea kuizungusha ya mkia. Rubani habaki bila usukani kwa kukosa injini. Lakini rota ya mkia hula. Helikopta ikiwa imeelea mahali pamoja, kati ya asilimia 5 na 15 ya nguvu ya injini huishia mkiani, nguvu ambayo hainyanyui hata gramu moja ya mzigo.

Rubani huiongoza rota hiyo kwa miguu. Mkono wa kulia umeshika rungu la kuinamisha rota kuu, wa kushoto umeshika wenzo wa kupanda na kushuka, na miguu iko juu ya pedali mbili. Pedali hazigusi kasi ya mzunguko. Kasi ni ileile wakati wote. Zinachobadilisha ni mlalo wa mapanga. Yakilala bapa, hayasukumi hewa kwa maana yoyote. Yakigeuzwa yaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi, msukumo huongezeka papo hapo.

Na hapa ndipo usukani unapozaliwa. Msukumo ukilingana na torki, pua inatulia. Ukizidi torki, pua inageukia upande mmoja. Ukipungua, torki yenyewe inaigeuza upande wa pili. Mapanga ya rota kuu ya R44, ukiyatazama kutoka juu, huzunguka kinyume na mishale ya saa, kwa hiyo kiwiliwili chake hutaka kugeukia kulia muda wote. Rubani akitaka kwenda kulia hana haja ya kuvutana na chombo. Analegeza pedali ya kushoto kidogo, na torki inamalizia kazi. Akitaka kushoto, anakanyaga zaidi na kulipa kwa nguvu ya injini. Kugeukia pande hizo mbili hakugharimu sawa, na rubani hulijua hilo kwa nyayo zake kabla hajalieleza kwa maneno.

Kwa hiyo pia miguu haipumziki. Mkono wa kushoto ukipandisha wenzo ili helikopta inyanyuke, injini huongeza nguvu, torki hupanda, na pua huanza kuhama. Mguu lazima ufuate mara moja. Wenzo ukishuka, mguu nao hulegea. Wanafunzi wa urubani wanaojaribu kuelea kwa mara ya kwanza huteseka hapo hasa: wakirekebisha kimo, pua inahama, wakirekebisha pua, kimo kinabadilika, maana mkia umeiibia rota kuu nguvu kidogo.

Mwelekeo wenyewe hutegemea nchi ilikotengenezwa helikopta. Za Kimarekani, kwa kawaida, rota kuu huzunguka kinyume na saa. Za Kifaransa na za Kirusi, kama H125 ya Airbus ambayo huonekana sana Kenya, au Mi-17 ya Urusi, huzunguka kufuata saa. Rubani anayetoka R44 kwenda H125 anakuta mguu wa kukanyaga wakati wa kunyanyuka ni wa kulia, si wa kushoto aliouzoea. Hakuna upande ulio bora. Ni desturi za viwanda tu, kama vile nchi moja kuendesha magari kushoto na nyingine kulia, na zimeshakaa.

Dawa hii ina madhara yake madogo. Msukumo wa mkia huzuia kuzunguka, sawa, lakini ni msukumo wa kwenda ubavuni, na hakuna kingine kinachoupinga. Ukiachwa, R44 ingeteleza polepole kulia huku pua ikiwa imetulia kabisa. Rubani hulirekebisha hilo kwa kuinamisha rota kuu kidogo kushoto. Tazama helikopta iliyoelea karibu na ardhi siku isiyo na upepo: mara nyingi utaona haikukaa sawasawa, na wakati wa kutua mguu mmoja hugusa chini kabla ya mwingine. Rubani hajakosea. Wahandisi wa Black Hawk, helikopta ya kijeshi ya kampuni ya Sikorsky, walijaribu kupata faida humohumo: rota ya mkia ya helikopta hiyo imeinamishwa nyuzi 20, hivyo mbali na kusukuma ubavuni, inasaidia kunyanyua kama asilimia 2.5 ya uzito.

Helikopta ikishika kasi ya kwenda mbele, mambo hulainika. Pezi la wima lililo mkiani hupigwa na hewa inayopita na kuanza kubeba sehemu ya kazi. Rota ya mkia hupungukiwa na mzigo, na rubani hulegeza miguu. Kazi ngumu kabisa ya rota hii ni wakati helikopta imeelea au inakwenda polepole, na hapo ndipo pia inapoweza kushindwa hata kama ni nzima kabisa.

Kushindwa huko kunawafundisha marubani adabu. Upepo ukitoka kushoto kwa helikopta ya Kimarekani, unaingia dhidi ya hewa inayotupwa na rota ya mkia, na rota hiyo huanza kuvuta hewa yake yenyewe iliyochafuka. Upepo wa kushoto-mbele unaweza kubeba msukosuko wa ncha za rota kuu na kuutumbukiza mkiani. Upepo wa nyuma nao hutaka kuigeuza helikopta nzima ielekee unakotoka. Kwa namna yoyote kati ya hizo, pua inaweza kuchomoka kulia ghafla, na rubani aliyechelewa nusu sekunde kukanyaga pedali ya kushoto huikuta helikopta tayari inazunguka. Mwaka 1995 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa waraka maalumu kuhusu tatizo hili. Hakuna chuma kilichovunjika katika ajali za namna hii, jambo linalozifanya ziwe ngumu kukubalika kwa wanaosikia habari zake.

Mwinuko nao una neno. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa katika hali ya kawaida ni pungufu kwa asilimia 15 hivi ikilinganishwa na ya Mombasa au Dar es Salaam. Rota ya mkia haiwezi kuongeza kasi ili kufidia hewa hiyo nyembamba, kwa hiyo mapanga yake lazima yafunguke kwa pembe kubwa zaidi, na pedali inasogea karibu na mwisho wake. Ongeza jua la mchana, abiria wazito na tangi lililojaa, na akiba iliyobaki chini ya mguu wa rubani inakuwa ndogo. Akipanda kuelekea miteremko ya Mlima Kenya au Kilimanjaro, huenda akafika mahali ambapo rota kuu bado ina uwezo wa kunyanyua lakini mguu umefika sakafuni. Kwa baadhi ya helikopta, kikomo cha kuelea kwenye miinuko hutokana na mkia, si na rota kuu.

Rota ya mkia ikiharibika kweli, picha ni nyingine. Tarehe 3 Oktoba 1993 mjini Mogadishu, Black Hawk ya rubani Michael Durant ilipigwa kombora la RPG mkiani. Iliendelea kuruka kwa muda mfupi, kisha rota ya mkia ikang'oka, na helikopta ikaanza kuzunguka kwa nguvu hadi ikaanguka. Durant alinusurika na kushikiliwa mateka siku 11.

Tukio la Leicester linafundisha zaidi kuhusu mada yetu. Tarehe 27 Oktoba 2018, baada ya mechi ya Leicester City na West Ham, helikopta ya AW169 ya mmiliki wa klabu, Vichai Srivaddhanaprabha, iliruka kutoka katikati ya uwanja wa King Power. Ilipokuwa bado inapanda ikaanza kujizungusha kulia, na rubani hakuweza kuizuia. Ilifika kimo cha futi 430 hivi, kisha ikaanguka. Wote watano waliokuwemo walifariki. Rota ya mkia haikung'oka. Ripoti ya wachunguzi wa Uingereza, iliyotoka mwaka 2023, ilieleza kuwa beringi iliyomo kwenye mfumo wa kubadilisha mlalo wa mapanga ilikwama. Shafti ya kuongozea, ambayo haipaswi kuzunguka, ikaanza kuzunguka pamoja na rota na kujifungua yenyewe. Uhusiano kati ya pedali na mapanga ukakatika, mapanga yakaenda kwenye mlalo wa mwisho, nao ulikuwa wa upande usiofaa. Feni ilikuwa inazunguka vilevile, lakini haikuwa tena inatii mguu wa mtu.

Rubani anafundishwa kufanya nini mkia ukimkimbia? Anaondoa chanzo. Akiizima injini, au akiitenga na rota, torki inatoweka, na kiwiliwili hakina tena kinachokizungusha. Helikopta inashuka kwa kuzungushwa na hewa, na rubani anaitua hivyo. Ikiwa tayari yuko kwenye kasi, pezi la wima linaweza kumshikilia mpaka afike uwanja wenye barabara ndefu ya kurukia, atue kwa kuteleza kama ndege. Anachohitaji ni kimo au kasi, kimojawapo. Wa Leicester alikuwa na vichache vya vyote viwili, na wachunguzi waliona hali ile haikuwa ya kuokolewa.

Kwamba chanzo ni injini tu, na si kule kuzunguka kwa mapanga, kunathibitishwa na vyombo visivyo na rota ya mkia kabisa. Mhispania Juan de la Cierva alirusha autojairo mwaka 1923: ina rota kubwa juu, lakini inazungushwa na hewa, wakati injini inazungusha rafadha ya mbele. Hakuna torki juu, hakuna rota mkiani. Helikopta ya Kifaransa iliyoitwa Djinn, ya miaka ya 1950, ilizungusha rota yake kwa kutoa hewa yenye shinikizo kwenye ncha za mapanga. Mapanga yalijisukuma yenyewe bila kuegemea kiwiliwili, nacho hakikuwa na sababu ya kuzunguka.

Njia nyingine ni kuweka rota mbili zinazokwenda pande tofauti, torki moja iifute nyingine. Kamov za Kirusi huziweka moja juu ya nyingine, Chinook ya Kimarekani mbele na nyuma. Ingenuity, helikopta ndogo iliyoruka kwenye sayari ya Mirihi tarehe 19 Aprili 2021, ilitumia rota mbili za mhimili mmoja. Hata droni za kupigia picha za harusi zina siri hiyo: mapanga yake manne, mawili huenda hivi na mawili vile, na hugeuka kwa kuongeza kasi ya jozi moja na kupunguza ya nyingine.

Kwa nini basi helikopta nyingi zimebaki na mkia? Rota mbili kubwa ni nzito, vifaa vyake ni vingi na matengenezo ni ghali. Mrusi Boris Yuryev alikuwa na wazo la rota kuu moja na ndogo mkiani tangu mwaka 1912, lakini aliyelifanya liwe la kawaida ni Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kyiv aliyehamia Marekani mwaka 1919. VS-300 yake ilinyanyuka mara ya kwanza Septemba 1939, huko Connecticut, ikiwa imefungwa kwa nyaya. Alihangaika na mkia huo kupita kiasi. Kwa muda ulikuwa na rota tatu, mbili zikiwa za kulala, mpaka alipotulia kwenye moja ya ubavuni mwaka 1941. Helikopta ya R-4 iliyofuata ikawa ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, na umbo hilo likawa ndilo helikopta machoni pa watu.

Wafaransa baadaye waliificha rota hiyo ndani ya pezi, yakawa mapanga mengi madogo ndani ya tundu la duara. Muundo huo, fenestroni, ulianza na helikopta ya Gazelle mwaka 1968. Hupunguza kelele na, kwa maoni yangu lililo kubwa zaidi, huwakinga watu walio chini. Rota ya R44 yenye kipenyo cha mita 1.47 huzunguka mara 40 kwa sekunde, na ncha zake hupita kwa karibu kilomita 670 kwa saa. Jicho halioni kitu. Kwenye helikopta ndogo iko kimo cha mwili wa mtu. Chopa ya mwanasiasa ikitua kwenye mkutano na umati ukaikimbilia kutoka pande zote, wanaoikimbilia kutoka nyuma wanakwenda kwenye kisu wasichokiona. Helikopta husogelewa kwa mbele au ubavuni karibu na pua, rubani akikuona na kukuruhusu, na hakuna sababu ya kuzungukia mkia hata kama mlango unaoutaka uko upande wa pili. Unazungukia mbele ya pua.

Kampuni ya Bell ilionyesha mwaka 2020 helikopta ya majaribio yenye feni nne ndogo za umeme mkiani badala ya rota moja inayovutwa na shafti. Mapanga yake hayabadilishi mlalo. Mota ndizo zinazobadilisha kasi. Na kwa kuwa hazikuunganishwa na rota kuu kwa chuma, zinaweza kusimamishwa kabisa helikopta ikishatua, abiria wakishuka huku rota ya juu bado inazunguka.